Nani Anastahili Kuambiwa

Geji ya kupimia kompresheni, ile ambayo fundi wa mji wa Same, Upareni, huitoa kwenye boksi la vifaa akiambiwa gari la Noah limepoteza nguvu, ina kivalvu kidogo kinachozuia hewa isirudi. Stata ikipigwa, mshale unapanda, unafika kileleni na kubaki hapo. Kwa injini ya pistoni hiyo ni tabia njema: tundu moja la plagi, silinda moja, namba moja. Geji hiyohiyo ikifungwa kwenye Mazda RX-8, inaweza kumpa mnunuzi namba ya kweli kabisa na bado akaondoka amedanganyika.

RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zenye mbavu zilizotuna, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chake. Kila rota ina nyuso tatu na kila uso unabana hewa yake, lakini nyuso zote tatu hupita mbele ya matundu yaleyale ya plagi, moja baada ya nyingine. Geji yenye kivalvu haizitofautishi. Inabakiza ile iliyobana zaidi. Tuseme rota ya mbele inatoa kilopaskali 740, 730 na 560: mshale utasimama kwenye 740, muuzaji atapiga picha, na picha hiyo haitakuwa na uongo wowote ndani yake. Injini, hata hivyo, imekwisha.

Swali linalokaa katika pengo hilo ni la zamani kuliko magari. Mwenye mali anajua ubovu uliofichika. Mnunuzi hajauliza, au ameuliza kwa namna inayojibika bila kuugusa ubovu wenyewe. Je, mwenye mali analazimika kusema? Na kama analazimika, analazimika kwa nani: kwa kila mtu, au kwa wake tu?

Injini yenyewe inastahili maelezo kidogo, kwa sababu ni mashine chache zinazoficha maradhi yake vizuri namna hii. Wazo lake ni la Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwaka katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Mazda walichukua leseni mwaka 1961, wakatoa Cosmo Sport mwaka 1967 na RX-7 mwaka 1978, na mwaka 1991 gari lao la 787B likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo. RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Kwenye barabara za Tanzania ni gari adimu, na hakuna mwenye akili timamu atakayelipandisha milimani hadi Chome au Mamba Myamba wakati wa masika. Lakini usukani wake uko kulia, kwao ni Japani kama magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam, na mara nyingi linauzwa kwa bei ndogo kuliko sura yake inavyoahidi. Kijana akiiona picha ya bei hiyo, moyo unaenda mbio kabla ya kuuliza kwa nini gari zuri hivyo ni rahisi hivyo.

Jibu liko kwenye ncha za rota. Kila ncha ina sili, kipande chembamba cha chuma kinachosukumwa na springi kigusane na ukuta wa chumba muda wote. Sili ikilika, au ukuta ukichubuka, hewa inavuja kutoka chumba hadi chumba. Na hapo ndipo ujanja wa ugonjwa unapoanza. Injini ikiwa ya baridi, oili nzito husaidia kuziba, na gari linawaka kwa mpigo mmoja. Ikishapata moto, oili imekuwa nyepesi. Ukilizima kituo cha mafuta na kujaribu kuliwasha baada ya dakika kumi, linazungusha, linazungusha, haliwaki. Muuzaji anayelijua gari lake atakuonyesha likiwaka asubuhi. Au atakuacha uliendeshe utakavyo, ila hatalizima. "Liache tu liwake, kiyoyozi kinapoza."

Fundi mwaminifu naye anaweza kupotosha. Amezoea kwamba injini inayokula oili imechoka ringi. Injini ya rota inakula oili kwa makusudi ya aliyeitengeneza: pampu ndogo huingiza matone ya oili chumbani kulainisha zile sili. Fundi akiona oili imepungua atalihukumu gari zima kuwa bovu, na akiona 740 kwenye geji yake atalipasisha gari bovu. Nia yake ni safi mara zote mbili. Mjadala wa maadili ya biashara hupenda kuwagawa watu katika wakweli na waongo, na humsahau huyu shahidi wa tatu, anayesema kweli yote anayoijua na asijue kwamba hajui.

Upimaji unaofaa si siri. Kivalvu cha geji kinatolewa au kinashikiliwa wazi, mafuta na umeme wa plagi vinakatwa, injini ikiwa ya moto, kanyagio la mafuta likiwa chini kabisa. Kisha mtu anautazama mshale ukiruka mara tatu tatu na kusikiliza pumzi zinazotoka tunduni. Zikiwa sawa, rota ni nzima. Ikija puf, puf, halafu fyuu hafifu, uso mmoja unavuja. Kwa RX-8, vitabu vya Mazda vinataja kilopaskali 830 kuwa kipimo cha injini nzima na 680 kuwa mwisho, shafti ikizunguka mara 250 kwa dakika. Nyuso za rota moja zisitofautiane zaidi ya 150, na rota kwa rota zisizidi 100. Zikitajwa namba, zinapaswa kuwa sita. Anayetaja moja ameficha tano.

Hata hizo sita zina mazingira yake. Betri changa, au betri ya pili iliyoungwa kwa nyaya, huzungusha shafti haraka zaidi ya 250 na namba zinapanda. Betri dhaifu huzishusha. Kijiko cha oili kikimiminwa kwenye tundu la plagi dakika chache kabla mnunuzi hajafika, sili zilizolika hujiziba kwa muda na injini gonjwa ikatoa namba za injini yenye afya. Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo mtu wa Upareni ana haki ya kulijua kuliko mtu wa pwani. Mji wa Same uko karibu mita 860 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 90 ya ule wa Dar es Salaam. Kwenye mita 1,500, katika vijiji vya mlimani chini ya kilele cha Shengena, unabaki kama asilimia 83. Injini iliyotoa 830 Kigamboni itatoa takribani 750 Same, na huko mlimani itatoa 690, ikichungulia kaburi bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo muuzaji wa Dar es Salaam anayemtumia mteja wa Same picha ya namba nzuri, na mnunuzi wa Same anayempunja muuzaji kwa kumwonyesha namba mbaya iliyopimwa mlimani, wanafanya kosa la aina moja. Torati inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Geji moja inatosha kuwa mawe mawili, mradi mwenye nayo achague mahali, betri na saa.

Sheria ya nchi inasemaje? Inasema jambo la kushangaza kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17 kinachoeleza udanganyifu, haihesabu ukimya mtupu kuwa udanganyifu. Unakuwa hivyo pale tu hali ya mambo inapomwajibisha mtu kusema, au ukimya wenyewe unapokuwa sawa na kusema. Maneno hayo yana ukoo wake. Yametoka kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo ilitumika Tanganyika hadi sheria ya hapa ilipotungwa mwaka 1961. Waliotunga ile ya India waliweka mifano, na mfano wao ulikuwa farasi. Mtu anauza mnadani farasi anayejua kuwa si mzima, hasemi kitu: si udanganyifu. Mnunuzi akiwa binti yake aliyetoka tu utotoni, uhusiano wao unamfanya awajibike kusema. Na mnunuzi akitamka kwamba asipokanushiwa atamchukulia farasi kuwa mzima, kisha mwenye farasi akanyamaza, ukimya huo ni kauli.

Mfano wa tatu ni silaha nzuri kwa mnunuzi yeyote wa gari, na inashangaza jinsi usivyotumika. Sentensi moja tu mbele ya mashahidi: usiponiambia vinginevyo, nachukulia kwamba likiwa la moto linawaka.

Mfano wa pili ndio unaohusu swali lenyewe. Binti anastahili kuambiwa; mgeni hapana. Same inaujua mpaka huo vizuri. Mnunuzi akifika kutoka Vudee au Gonja, mazungumzo hayaanzi na injini. Yanaanza na jina la ukoo, aliyeoa wapi, mama ni wa nani. Ikigundulika kwamba ni shemeji, au mtoto wa mtu waliyesali pamoja Suji, mambo hubadilika: muuzaji humvuta pembeni, hushusha sauti, na kumwambia asichukue hili, litamsumbua, asubiri jingine. Dereva wa lori aliyetokea Singida na kusimama kupumzika njiani hatavutwa pembeni na mtu.

Watu wengi huona hapo pana ukarimu wa kindugu na hakuna zaidi. Ukitazama kwa makini, pana ungamo. Muuzaji anayemwonya shemeji amekiri kwa kinywa chake kwamba ukimya ungemdhuru shemeji. Kama unamdhuru shemeji, unamdhuru na dereva wa Singida, kwa kiasi kilekile, kwa shilingi zilezile. Hawezi tena kujitetea kwamba kunyamaza ni kutofanya lolote. Kilichobaki ni kusema kwamba madhara ya mgeni hayamhusu, na hiyo ni kauli nzito ambayo wachache wangekubali kuitamka msikitini au kanisani.

Upinzani dhidi ya hoja hii ulishatolewa na watu wenye akili sana. Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu chake cha wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mfanyabiashara ametoka Aleksandria na shehena ya nafaka, amefika kisiwa cha Rodo chenye njaa, na anajua kwamba meli nyingine nyingi ziko nyuma yake. Awaambie wanunuzi, bei ianguke? Na mwenye nyumba yenye kasoro asizozijua mtu mwingine, je? Antipater alisema yote yawekwe wazi. Diogenes alijibu kwamba sheria ikitaka useme kasoro, sema. Zaidi ya hapo uza kwa bei nzuri uwezavyo bila kudanganya, kwani kunyamaza si sawa na kuficha, na hakuna aliyelazimishwa kununua. Cicero aliegemea upande wa Antipater.

Diogenes hakuwa mpumbavu, na kwenye nafaka ya Rodo ana hoja. Habari za meli zinazokuja hazimo ndani ya punje. Nafaka ni nzima, itajaza tumbo la aliyeinunua. Mfanyabiashara amewahi tu kujua hali ya soko. Thomas Aquinas katika karne ya 13 aliliona hilo: mwenye nafaka halazimiki kwa haki kutangaza meli za nyuma, ingawa angefanya wema zaidi kwa kusema, lakini kasoro iliyofichika na yenye kudhuru lazima itajwe. Kasoro inayoonekana, kama farasi mwenye jicho moja, haihitaji tangazo. Kwa kipimo hicho, bei ya RX-8 itakayoshuka mwezi ujao ni mambo ya Rodo. Bodi iliyokwaruzwa ni jicho la farasi. Uso wa tatu wa rota ya mbele hauko kwenye lolote kati ya hayo: umo ndani ya kitu kinachouzwa, na mnunuzi hawezi kuuona kwa macho.

Uislamu ulifika hapo kabla ya Aquinas, tena kwa mkono. Inasimuliwa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akatumbukiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu chini ya juu iliyokauka. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na anayewaghushi watu akaambiwa si wa jamii ya Mtume. Katika kisa hicho hakuna aliyeuliza, na muuzaji hakutamka uongo wowote. Kosa lilikuwa mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Namba 740 juu, 560 chini.

Milima ya Upare ni mahali pazuri pa kuyasoma mapokeo haya pamoja kwa sababu yamekaa nyumba moja. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900, Waadventista wa Kijerumani wakaanza Giti mwaka 1903 na kuenea Upare ya Kusini, na Uislamu una mizizi mirefu Usangi na Ugweno. Familia yenye Mohamedi na Elinazi kwenye meza moja si ajabu huko. Kwa hiyo mpaka wa "wetu" hauwezi kuchorwa hata kwa dini bila kumkata ndugu.

Mtu anaweza kusema: basi tuache dhamiri, Serikali ipime. George Akerlof, mchumi wa Marekani, alionyesha mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha zuri na bovu hutoa bei ya katikati, wenye magari mazuri wanaona wanapunjwa na kujiondoa, na soko linabakia na mabovu. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2001, na maonyo yake yanaonekana kwenye kila tangazo lenye maneno "haijawahi kufunguliwa injini". Mkaguzi wa nje anasaidia. Lakini Wapare wana kumbukumbu ya wapimaji. Mwaka 1945 maelfu waliteremka milimani hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, ameliandika tukio hilo. Kupimwa kulikuwa na ubaya wake pale aliyepima hakuweza kuulizwa amepimaje. Cheti cha ukaguzi kisichotaja betri, moto wa injini na mwinuko kina kasoro hiyohiyo. (Utani wa nchi nzima unadai kwamba Mpare atauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Kwenye biashara ya rota, tabia hiyo ingekuwa sifa.)

Kuna kesi moja ya kale inayolikaribia zaidi swali letu. Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hatawajibika kwa kasoro yoyote. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Khalifa Uthman akaamua kwamba Ibn Umar aape kuwa alipouza hakujua ugonjwa. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea tena mtumwa huyo. Baadaye mtumwa alipona na kuuzwa kwa 1,500. Msomaji wa leo anasita, na inafaa asite, kwa sababu bidhaa iliyokuwa ikikaguliwa ni binadamu. Misafara ya njia ya Pangani ilipita chini ya milima hii hii, na soko la Zanzibar ambako wanunuzi waliwakagua watu meno lilifungwa mwaka 1873 tu. Sanaa ya kukagua bidhaa pwani hii ina historia ambayo hakuna fundi anayepaswa kuionea fahari.

Hata hivyo mafakihi wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walijenga juu ya kesi hiyo kanuni makini. Muuzaji anayeweka sharti la kutowajibika anaokolewa na sharti hilo kwa kasoro iliyofichika ya mnyama ambayo hakuijua, si kwa aliyoijua, na si kwa bidhaa nyingine. Mnyama anapewa nafasi yake kwa sababu yu hai, hali yake hubadilika, na ni vigumu kuyajua ya ndani mwake. Nguo haipewi. Je, injini ya rota iko karibu na ngamia au na kitambaa? Inakula, inakunywa, inaugua ndani kwa ndani, asubuhi ni nzima na mchana haisimami. Lakini ngamia hana tundu la plagi. Injini inapimika kwa nusu saa ya kazi, na kinachopimika hivyo hakina haki ya huruma aliyopewa mnyama.

Hapo linabaki tatizo ambalo kiapo cha Uthman hakiligusi: muuzaji aliyekwepa kupima ili aweze kuapa. Gari limemsumbua likiwa la moto, ameanza kushuku, fundi amemshauri wapime, naye akasema hapana, tuliache hivyo hivyo. Mtu huyo akiambiwa aape kwamba hajui, ataapa, na hatakuwa ameapa uongo. Kwa hiyo swali la kumuuliza lirudi nyuma hatua moja: siyo kama alijua injini imechoka, bali ni lini mara ya mwisho alilizima gari likiwa la moto, na kwa nini hakumruhusu fundi atoe plagi. Same kuna njia ya kuyapata majibu bila geji yoyote. Mnunuzi achukue funguo, aendeshe barabara kuu hadi Makanya, arudi mjini, alizime mbele ya mwenye gari, waagize chai. Ikiisha, aombe mwenye gari aliwashe yeye mwenyewe.